Karamu ya Mistari Minane

Herufi moja ndiyo iliyomponza Godelive, herufi M.

Kwa miaka minne alikuwa akipiga pasi mableza ya shule ya wasichana iliyo juu kidogo ya duka la dobi alikofanya kazi, pale Berea, mjini Durban, na kwa miaka minne nembo ya shule ilipita chini ya mikono yake bila kumsumbua. Halafu shule ikabadilisha mdarizi. Mableza mapya yalipokuja, ile kaulimbiu ya Kilatini iliyoizunguka ngao ilisomeka PER LABOREM AD LUCE. Godelive alikuwa amefundisha Kilatini miaka kumi na mmoja katika seminari ndogo kule Gitega, Burundi, kabla ya kukimbia nchi mwaka 2015. Aliiweka pasi pembeni, akashika kiuno.

"Eish, Mama Lyse, iko nini tena?" aliuliza Mama Sikujua, mwenzake wa kutoka Uvira, aliyekuwa akibandika namba kwenye makoti.

"Wamekula M."

"Nani amekula?"

"Hapa. Inatakiwa lucem. Kwa kazi mpaka kwenye mwanga. Hivi walivyoandika ni kama mtu mzima kusimama mbele ya watu akasema 'mtoto kimelia'."

"Na nani ataona?"

"Mimi nimeona."

Angenyamaza, labda maisha yangeendelea. Lakini mtu aliyekuja kuyachukua mableza siku hiyo hakuwa dereva wa shule kama kawaida, alikuwa Ameena Mahomed, mkuu wa idara ya lugha. Godelive akashindwa kuuzuia ulimi. Akamwonyesha. Ameena aliitazama nembo, akamtazama huyu mwanamke mwenye jasho na kitambaa kichwani, akaitazama nembo tena.

"Umesoma wapi wewe, dada?" aliuliza. Alikuwa mzaliwa wa Durban, wa wale Waislamu ambao wazee wao waliletwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki zamani. Bibi yake alimwachia maneno machache ya Kiswahili, na "dada" lilikuwa mojawapo. Mengine yote walizungumza kwa Kiingereza.

Wiki ile ile akampigia simu. Mwalimu wao wa Kilatini alikuwa mjamzito, daktari amemlaza kitandani mpaka ajifungue, na wasichana kumi na wanne wa darasa la kumi walikuwa wamekaa mwezi mzima wakijaza vitabu vya mazoezi bila mtu. Je, Godelive angeweza kuja wiki mbili kwa majaribio? Vyeti vyake vikithibitishwa, mkataba ungeenda mpaka mwisho wa mwaka.

Vyeti. Miaka sita Godelive alikuwa akivifuatilia. Ofisi ya kutathmini vyeti ilitaka barua kutoka chuo kikuu cha kwao. Chuo kikuu cha kwao kilisema jalada lake halionekani. Baruapepe tatu za mwisho zilirudi zilikotoka. Hata hivyo alikubali kabla Ameena hajamaliza sentensi. Mwenye duka akamruhusu afanye kazi ya dobi mchana, asubuhi aende shule, mradi Mama Sikujua akubali kushika nafasi yake.

"Nenda," alisema Mama Sikujua. "Lakini usijifanye profeseri ukirudi. Mashati iko mengi."

Wiki ya kwanza ilimchosha kuliko pasi. Wasichana walikuwa na adabu, walisimama alipoingia, walimwita Mam, walinakili kila alichoandika ubaoni. Lakini macho yao yalikuwa kama vioo vya gari la mtu mwingine. Unajiona wewe, huoni aliyemo ndani. Kitabu walichopewa kilikuwa vita mwanzo mwisho, jemadari anavuka mto huu, anachoma mji ule. Siku ya nne Godelive aliwauliza wanadhani Warumi walikuwa watu wa namna gani. Msichana wa mbele akajibu, "Walikuwa sanamu, Mam." Darasa likacheka. Godelive hakucheka. Aliona ndivyo walivyoamini kweli: watu wa mawe meupe, wasiokohoa, wasiodaiwa kodi ya nyumba, wasiokwenda chooni.

Kesho yake akaacha kitabu nyumbani. Akaja na daftari lake la zamani, lile alilonakili shairi kwa mkono alipokuwa mwanafunzi wa Padri Pierre-Claver, mzee aliyewafundisha Kilatini kwa kuwapigia meza. Lilikuwa shairi la mistari minane tu. Padri hakujua jina la mtunzi, na Godelive hakuwahi kulipata.

Kwanza akawaandalia njia. Akawaambia kwamba Roma ilijaa watu wadogo waliojishikiza kwa watu wakubwa. Kabla jua halijapanda, mtu mdogo alivaa toga yake, shuka zito la sufu, joto lisilo na huruma, akapita vichochoroni na matope yake mpaka kwenye mlango wa mkubwa, ili tu aseme, "Shikamoo, bwana." Akiwa na bahati, alipewa kikapu cha chakula. Akiwa na bahati zaidi, alialikwa karamuni jioni. Na toga ilipaswa iwe nyeupe.

"Mnajua ilifuliwaje?" aliuliza. "Dobi aliikanyaga kwa miguu, ndani ya beseni la mkojo uliochacha. Mkojo ulikusanywa kwa mitungi barabarani."

Wasichana kumi na wanne wakapiga kelele kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza Godelive akaona kuna watu nyuma ya vile vioo.

Ndipo akasoma shairi, mstari kwa mstari, huku wao wakilitafsiri kwa kusukumana. Mtu amealikwa kwa mkubwa. Amekaa kochi la mwisho, karibu na mlango. Mwenyeji anakunywa kwenye bilauri, yeye anapewa kikombe cha udongo. Samaki mkubwa analetwa, anapita mbele ya pua yake bila kusimama, anafika kwa mwenyeji. Yeye anabaki na mchuzi uliomwagika mezani. Mstari wa nane anasema: afadhali ningebaki nyumbani na njaa yangu, yenyewe angalau inanijua jina.

"Maskini," alisema mmoja.

"Maskini kweli," alisema Godelive. "Sasa niambieni. Ni nani yumo chumbani na hayumo shairini?"

Feni iliguna darini. Kisha msichana wa dirishani, mwembamba, mwenye miwani, jina lake Raeesa, akainua mkono polepole.

"Aliyembeba samaki, Mam."

Godelive aliliweka daftari mezani. Kwa miaka kumi na mmoja aliwauliza wavulana wa seminari swali lile, na wengi walijibu "mke wa mwenyeji" au "Mungu".

"Samaki hana miguu," aliendelea Raeesa. "Kuna mtu alimbeba. Na mwingine alimpika. Huyu anayelalamika amewaona, maana amemwona samaki akipita. Lakini hakuwaandika." Akasita. "Kwetu Aunty, yaani MaNgubane anayetufanyia kazi, ana kikombe chake peke yake. Cha bati, cha buluu. Kinakaa chini ya sinki, pamoja na sabuni. Nimekiona maisha yangu yote. Sijawahi kujiuliza."

Hakuna aliyecheka. Msichana mwingine akasema kwao pia kuna sahani. Mwingine akasema kwao hakuna, halafu akasema, iko. Mpaka kengele inalia walikuwa bado wanasema. Godelive akawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike mistari minane ya Kilatini, vina si lazima, na anayezungumza awe yule aliyembeba samaki.

Alishuka mlima kwenda dukani siku hiyo akitembea kama msichana. Kwenye robot ya pili, zile taa za barabarani, alijikuta akisema vitenzi kwa sauti, na mama mmoja aliyesimama karibu naye akasogea pembeni.

Jumatatu wasichana walileta karatasi zao. Godelive aliziweka kwenye mkoba bila kuzisoma, akazihifadhi kwa raha ya baadaye. Jumanne, kabla ya kipindi, Ameena alimwita ofisini akafunga mlango.

"Nilikuomba ufundishe Kilatini, dada."

"Nimefundisha Kilatini."

"Raeesa amesoma shairi lake mezani Jumapili, mbele ya wageni. Kwa Kilatini, halafu kwa Kiingereza. Kuna kikombe ndani yake. Kuna sabuni. Mama yake amelia. Baba yake, Imraan, yuko kwenye bodi ya shule, unalijua hilo?"

"Nitalijuaje?"

"Anasema mtu asiye na vyeti ameingia jikoni kwake."

"Mimi jikoni kwake sikujui. Mtoto ndiye aliyetoka na habari zake."

Ameena alisugua paji la uso. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchoma Godelive kuliko yote. Alitamani awe mbaya. "Mimi nakuelewa," alisema Ameena. "Bibi yangu alipika kwenye majumba ya hapa Berea miaka thelathini. Unadhani sijui habari za vikombe? Lakini kuna mahali pa kusema mambo. Ungeweza kuwafundisha lile shairi ukaliacha kule kule Roma."

"Likibaki Roma, lina faida gani? Wajue samaki aliliwa miaka elfu mbili iliyopita, basi?"

"Dada, bodi imeshakaa kikao."

Barua ilikuwa juu ya meza. Godelive aliisoma akiwa amesimama. Ilimshukuru kwa mchango wake, ikasema kwamba *kwa kuwa vyeti vyake havijathibitishwa* shule inasikitika kutoendelea naye. Hapakuwa na kikombe humo. Hapakuwa na Imraan wala machozi ya mkewe. Alitafuta sababu ya kweli mstari kwa mstari kama anavyotafuta kitenzi katika sentensi ndefu ya Kilatini, akaikosa, na hasira ikampanda mpaka masikioni. Kama wangemfukuza kwa alichofanya, angekuwa na kitu cha kubishia. Utabishanaje na jalada lisiloonekana?

"Na madokezo yako ya somo," alisema Ameena kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "tungeomba utuachie nakala. Yatamsaidia atakayekuja."

Godelive aliikunja barua, akatoka. Hakuacha kitu.

Mumewe, Dominiki, alikuwa ndani ya lori kwenye foleni ya kuingia bandarini wakati alipompigia. Foleni ilikuwa haijasogea tangu alfajiri na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mama Lyse," alisema baada ya kumsikiliza, "kwa nini hukuwafundisha vitenzi tu?"

"Walikuwa wanalala, Dominiki."

"Si walale! Watoto wa watu, wanalala kwao. Miaka sita tunatafuta mlango. Mlango unafunguka, wewe unaingia na shoka."

"Lilikuwa shairi."

"Mimi nilikuwa nimeshamwambia kila mtu," alisema Dominiki. Nyuma yake honi zililia. "Nilimwambia hata mlinzi wa geti hapa. Kwamba mke wangu ni mwalimu."

Hilo alilibeba siku mbili kama kokoto kiatuni. Alipiga pasi mpaka Mama Sikujua akamwambia aonee huruma nguo za watu. Alikuwa anazungumza peke yake. Angemwambia Imraan hivi, angeiambia bodi vile. Katika hotuba zote hizo yeye alikuwa mtetezi, na nyuma yake, kimya, alisimama mwanamke mwenye kikombe cha buluu.

Alhamisi mwanamke huyo akaja mwenyewe.

Aliingia dukani bila nguo mkononi. Mtu wa makamo, mfupi, sweta la kijivu, mkoba ameukumbatia. Aliuliza kwa Kizulu, polepole, kama hapa ndipo anapofanya kazi yule mwalimu wa Raeesa. Godelive alikuwa anaelewa Kizulu vizuri, Kirundi kilimsaidia nusu ya njia, na penye shimo waliziba kwa Kiingereza.

"Mimi ndiye MaNgubane," alisema yule mama.

Godelive alizunguka meza akamshika mkono kwa mikono miwili. "Karibu, mama. Pole sana. Wamekufanya nini?"

"Wamenifanya nini?" MaNgubane aliutoa mkono wake. "Wewe ndiye nimekuja kukuuliza. Kile kikombe nilijinunulia mwenyewe. Unasikia? Nilikinunua sokoni, mwaka aliozaliwa Raeesa. Vikombe vyao ni vidogo kama vya mwanasesere, chai yenyewe mara mbili imekwisha. Nikakiweka chini ya sinki kwa sababu pale hakuna anayegusa. Nyumba ile yote, kila kitu ni cha mtu mwingine. Pale chini ni pangu."

Godelive alimsogezea kreti aketi, lakini MaNgubane hakuketi.

"Sasa mtoto amesoma Kilatini mbele ya wageni, kikombe kimekuwa aibu. Madam amekitupa. Amenunua vya kauri, sita, anasema vyote ni vyetu sote. Kila asubuhi ananiita niketi naye mezani tunywe pamoja. Tunakaa. Yeye ananitazama, mimi namtazama. Chai inapoa. Kazi inanisubiri, na saa kumi taxi yangu hainisubiri."

Mama Sikujua aliguna kule nyuma, akajifanya amekohoa.

"Raeesa hakukuuliza?" Godelive alisema hatimaye.

"Aliniuliza jina la sabuni."

Jasho la pasi lilikuwa linamkaukia Godelive mgongoni. Alitaka kusema kwamba nia ilikuwa nzuri, akaliona neno lenyewe lilivyo jepesi, akaliacha.

"Nisamehe, mama," alisema. "Mimi pia sikuuliza."

MaNgubane alimtazama kwa muda, akapima. Hasira haikuisha usoni, ila ilipata mahali pa kukaa. "Mtoto si mbaya," alisema. "Nimemlea mimi. Na usidhani nasema wale watu ni malaika. Kikombe ni changu. Lakini sahani, sahani walinipa wao, siku ya kwanza, nyuma imeandikwa M kwa rangi ya kucha. Hiyo hakuna aliyeiandika kwenye shairi. Hiyo bado ipo."

Akafunga kifungo cha sweta, akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Godelive hakurudi kwenye pasi. Alitoa mkoba chini ya meza, akazitoa zile karatasi kumi na nne, akaketi kwenye kreti la vibanio.

"Umefukuzwa," Mama Sikujua alimkumbusha. "Unasahihisha nini?"

"Waliandika. Mtu akiandika anasahihishiwa."

Alisahihisha mchana ule na asubuhi iliyofuata. Nyingi zilikuwa mbovu, vitenzi vimeinama huku na huku, nomino katika hali zisizokuwapo. Mmoja alimfanya mbeba samaki kuwa binti mfalme aliyetekwa. Mmoja alimpa samaki mwenyewe kusema. Godelive aligombana na kila karatasi kwa kalamu nyekundu, akiandika pembeni, akikosoa, mahali pengine akisifu.

Ya Raeesa aliiacha ya mwisho. Kilatini chake kilikuwa kizuri kuliko cha wote, na mistari yake ilimwuma mtu. Mtumishi wake alikuwa mnyenyekevu, mwenye huzuni, alitazama kikombe chake gizani akilia. Wiki moja iliyopita Godelive angempa kumi juu ya kumi na angelia naye. Sasa aliisoma mara tatu na kila mara kinyongo kikamjia, na hakujua ni kwa mtoto au kwa nafsi yake. Mwisho aliandika sita. Chini yake akaandika kwa Kilatini, *Rogavistine eam?* Je, ulimuuliza?

Ijumaa, muda wa kutoka shule, alipanda mlima. Mlinzi alimzuia getini, jina lake halikuwa tena kwenye orodha. Akampigia simu Ameena, naye akashuka, akaziona karatasi, uso ukambadilika.

"Nipe mimi," alisema. "Nitaona namna ya kuzigawa."

"Utazigawa lini?"

"Nitaona, dada. Mambo bado ya moto."

"Hutazigawa."

Ameena hakukana. Alisimama na mikono yake ikiwa imenyooshwa, tupu, kisha akaishusha. "Unanitia matatani," alisema.

"Mimi nimesimama barabarani. Barabara si ya bodi."

Kengele ikalia. Wasichana wakamiminika na mikoba yao, na Godelive akaanza kuita majina kwa sauti ile ile ya darasani. Wa kwanza alisita, akamtazama Ameena. Ameena aligeuza uso upande wa maua. Yule msichana akaja, akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, Mam." Ndipo wengine wakaja. Wakasoma pale pale wamesimama. Mmoja akapinga alama zake, wakabishana juu ya kitenzi kimoja huku magari yakipiga honi.

Raeesa alikuja wa mwisho. Gari la kwao lilikuwa limesimama ng'ambo, kioo kimeshushwa nusu. Alisoma alama, akasoma swali lililo chini yake, midomo ikitamka Kilatini polepole. Masikio yakamwiva.

"Alikuja kwako?" aliuliza.

"Alikuja."

"Alisema nini, Mam?"

"Sitakwambia. Unaishi naye nyumba moja."

"Nitamuulizaje? Nikimuuliza ananijibu 'sawa, mtoto wangu'. Kila kitu ni 'sawa, mtoto wangu'."

"Basi muulize mara ya pili," alisema Godelive, na katika sauti yake mwenyewe alisikia kwamba jibu halikutosha.

Honi ililia ng'ambo. Raeesa alikunja karatasi ikawa ndogo, akaitia ndani ya soksi yake, akavuka barabara.

Karatasi mbili zilibaki mkononi mwa Godelive. Wasichana wawili hawakuwa wamekuja shule siku hiyo, mafua, walisema wenzao. Ameena alikuwa ameshaingia ndani. Mlinzi alisema yeye haruhusiwi kupokea kitu chochote. Godelive alizitazama zile karatasi mbili na wekundu wake wote wa kalamu, akasonya, akazirudisha mkobani. Mama Sikujua alikuwa amempa nusu saa tu, na nusu saa ilikuwa imekwisha.